Chaji ya Leo, Betri ya Kesho: Kupanga Matumizi ya Umeme katika Kompyuta Mpakato

Kompyuta mpakato si kitu cha anasa tena. Kirando, wilayani Nkasi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, utaikuta kwa mwalimu anayetunza alama za wanafunzi, kwa mweka hesabu wa wafanyabiashara wa dagaa na migebuka, katika duka la kuchapa na kudurufu, na kwa kijana anayejaza maombi ya chuo au ya mkopo wa elimu ya juu. Wote hao wana hofu moja: umeme ukatike kabla kazi haijakamilika, na betri izime muda mfupi baadaye. Siku ya mwisho ya kutuma maombi haimsubiri aliyekatikiwa umeme.

Kwa miaka mingi mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na Sumbawanga ilitegemea umeme unaonunuliwa kutoka Zambia. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga imekusudiwa kuondoa hali hiyo. Hata hivyo, popote penye umeme, uwe wa TANESCO, wa sola au wa jenereta, zipo saa ambazo haupo. Katika saa hizo mtumiaji hutegemea betri peke yake, naye huvuna alichopanda kwa namna alivyoitunza na alivyoipangia matumizi.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kupanga matumizi hayo. Mipangilio tunayoitaja haihitaji fundi wala fedha, kwani tayari imo ndani ya kompyuta yako.

Uhai wa aina mbili

Mtu asemapo kuwa betri yake haidumu, huenda anamaanisha mojawapo ya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni uhai wa siku, yaani saa ambazo kompyuta hufanya kazi kabla ya kuhitaji chaji tena. La pili ni uhai wa miaka, yaani muda ambao betri yenyewe huendelea kuwa na nguvu kabla ya kulazimika kununuliwa nyingine.

Uhai wa siku hutegemea kasi ya kompyuta kula umeme. Uhai wa miaka hutegemea mambo makuu matatu: joto, mizunguko ya kuchaji, na muda ambao betri hukaa ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Takribani kompyuta mpakato zote za siku hizi hutumia betri za lithiamu-ioni, ambazo ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Betri ya aina hii huchakaa kidogo kidogo hata ikitunzwa vyema. Aghalabu, baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji, uwezo wake hushuka na kufikia kama asilimia 80 ya ule wa awali, ijapokuwa baadhi ya betri mpya hustahimili mizunguko hata 1,000. Mzunguko mmoja ni matumizi ya jumla ya asilimia 100: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umekamilisha mzunguko mmoja, si miwili.

Tunatenganisha aina hizi mbili kwa sababu wakati mwingine huvutana. Kujaza betri hadi asilimia 100 humpa mtumiaji saa nyingi leo, lakini kuiacha hivyo kila siku hupunguza miaka yake. Mtumiaji mwerevu hujua ni siku gani achague lipi.

Hesabu nyepesi ya wati

Tazama maandishi yaliyo juu ya betri au chini ya kompyuta. Utaona idadi ya wati-saa, ikifuatwa na herufi Wh. Tuchukue mfano wa betri ya wati-saa 50. Kompyuta ikila wati 10, betri hiyo itadumu saa 5. Ikila wati 15, itadumu saa 3 na dakika 20. Ikila wati 7 tu, itadumu zaidi ya saa 7. Betri ni ileile. Kilichobadilika ni ulaji.

Sasa tuseme betri hiyo imezeeka na imebakiwa na uwezo wa asilimia 70, yaani wati-saa 35. Kwa kompyuta inayokula wati 7, bado itadumu saa 5. Hivyo betri iliyochakaa katika kompyuta iliyopangwa vizuri hutoa saa sawa na betri mpya katika kompyuta inayokula wati 10. Kabla ya kutoa fedha kununua betri nyingine, anza kwanza na mipangilio.

Wapo wanaodhani kwamba faida ya kupanga matumizi ni kuokoa uniti za LUKU. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Kujaza betri ya wati-saa 50, pamoja na umeme unaopotea kama joto katika chaja, huchukua takribani wati-saa 60. Kwa hiyo uniti moja huijaza betri hiyo mara 16 hivi. Gharama kubwa ni ya betri yenyewe, na ya kazi inayopotea kompyuta izimapo ghafla.

Mipangilio ya kurekebisha leo

Kompyuta nyingi nchini hutumia Windows, na maneno yake huonekana kwa Kiingereza. Katika Windows 11, fungua "Settings", kisha "System", halafu "Power & battery". Katika Windows 10, nenda "Settings", kisha "System", halafu "Battery" au "Power & sleep". Ukifika hapo, fanya yafuatayo:

1. Punguza mwangaza wa kioo. Kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Ndani ya nyumba, nusu ya mwangaza au pungufu hutosha kwa kusoma na kuandika. Ukifanya kazi nje, tafuta kivuli badala ya kuongeza mwangaza ili kushindana na jua.

2. Fupisha muda wa kioo kujizima. Kompyuta inapotumia betri, dakika 2 au 3 zinatosha. Ukiitwa nje kuzungumza na mgeni, kioo kisiendelee kuwaka bila mtazamaji.

3. Chagua hali ya kubana matumizi. Mahali palipoandikwa "Power mode", chagua "Best power efficiency" unapotumia betri. Kwa kuandika barua, kujaza fomu na kupiga hesabu hutaona tofauti kubwa ya kasi.

4. Washa kiokoa betri mapema. Kwa kawaida hujiwasha chaji ifikapo asilimia 20. Ukijua kuwa umeme hautarudi hadi jioni, kiwashe mwenyewe tangu mwanzo. Hupunguza mwangaza na kuzuia programu zinazofanya kazi kwa siri.

5. Funga usivyovitumia. Kurasa 20 za intaneti zilizofunguliwa kwa pamoja, video inayocheza nyuma ya kazi nyingine, na masasisho yanayopakuliwa bila wewe kujua, vyote hula umeme na bando lako kwa wakati mmoja. Chomoa pia modemu, flashi na vifaa vingine ambavyo havina kazi kwa wakati huo, na uzime taa za kibodi.

6. Amua kifuniko kikifungwa kitokee nini. Ziko njia mbili za kuipumzisha kompyuta bila kuizima. Katika ile iitwayo "Sleep", kazi yako hubaki katika kumbukumbu inayoendelea kula umeme kidogo. Tena kompyuta nyingi za sasa huweza kuamka zenyewe ili kupakua masasisho, hata zikiwa ndani ya begi. Katika ile iitwayo "Hibernate", kazi huandikwa kwenye diski, na kompyuta huwa karibu sawa na iliyozimwa. Kwa mapumziko ya dakika chache tumia ya kwanza. Kwa safari ya kutoka Kirando hadi Namanyere au Sumbawanga, tumia ya pili au izime kabisa. Ikiwa "Hibernate" haionekani, fungua "Control Panel", kisha "Power Options", halafu "Choose what the power buttons do", uiwezeshe hapo.

7. Linda kazi betri inapokaribia kwisha. Katika "Power Options" hizohizo, hakikisha kompyuta imeagizwa kuingia "Hibernate" chaji inapofikia kiwango cha hatari. Hata ukisahau, kazi yako itakuwa salama kwenye diski.

Wenye kompyuta za Apple watakuta mipangilio ya aina hiyo katika "System Settings", sehemu ya "Battery".

Joto la mwambao

Kati ya maadui wa betri, hakuna anayewadhuru watumiaji wa Kirando kama joto. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kirando iko kando ya ziwa ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi. Kwa kanuni ya jumla, hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kila tunaposhuka mita 1,000. Kwa hiyo kompyuta inayofanya kazi katika ubaridi wa Ufipa hukutana na mazingira mengine kabisa ikishushwa mwambao, ingawa safari yenyewe haitoki nje ya mkoa.

Watengenezaji wengi huelekeza kwamba kompyuta itumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzi joto 35 za Selsiasi. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa kiangazi, kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hupitwa kwa mbali sana. Joto huharakisha uchakavu wa kemikali zilizo ndani ya betri, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo haurudi hata kompyuta ikipoa.

Tunashauri haya. Kompyuta iwekwe juu ya meza au ubao, isiwekwe juu ya godoro, mto au kanga, kwa sababu vitambaa huziba matundu ya hewa. Vumbi la feni lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kompyuta isichajiwe ikiwa ndani ya begi, wala isiachwe juani ndani ya mtumbwi, boti au gari. Kazi nzito, kama kuhariri video, zifanywe asubuhi au jioni.

Ujaze hadi wapi?

Betri ya lithiamu-ioni hupumua vizuri katikati, kati ya asilimia 20 na 80. Kukaa imejaa pomoni huku ina joto ndiyo hali inayoidhuru zaidi. Duka la kuchapa ambalo kompyuta yake imechomekwa ukutani mwaka mzima, betri ikiwa kwenye asilimia 100 na chumba kikiwa na joto, huenda likagundua siku umeme ukikatika kwamba betri haiwezi kuvuka hata nusu saa.

Kwa sababu hiyo watengenezaji kama Lenovo, Dell, HP na ASUS wameweka katika kompyuta zao nyingi uwezo wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au karibu na hapo. Mpangilio huo hupatikana katika programu ya mtengenezaji iliyokuja na kompyuta, au katika mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Kompyuta za Apple nazo huweza kujifunza mazoea ya mtumiaji na kusubiri kwenye asilimia 80 kabla ya kumalizia.

Je, anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa afuate ushauri huo? Tunapendekeza kanuni hii:

- Kompyuta inayokaa ukutani siku nyingi iwekewe kikomo cha asilimia 80.
- Ukiwa na safari, mtihani au kazi yenye siku ya mwisho, au ukipata taarifa ya kukatika kwa umeme, ondoa kikomo na ujaze hadi 100 usiku wa kuamkia siku hiyo. Kukaa imejaa kwa saa chache hakuidhuru betri kwa kiasi cha kuhofiwa. Kinachoidhuru ni miezi.
- Kompyuta itakayohifadhiwa bila kutumika, mathalani wakati wa likizo ndefu, iachwe na chaji ya karibu nusu, izimwe kabisa, na iwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi inaweza isiamke tena.

Hapa tuondoe pia imani mbili zilizokwisha kupitwa na wakati. Ya kwanza ni kwamba betri mpya lazima ichajiwe saa 8 kabla ya kutumiwa. Ya pili ni kwamba betri isichajiwe hadi ikauke. Imani hizo zilitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Katika betri za lithiamu-ioni, ya kwanza haina faida, na ya pili ina madhara.

Umeme wa ukutani, wa sola na wa jenereta

Soma maandishi yaliyo kwenye chaja yako. Nyingi huandikwa kuwa hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hustahimili umeme unaoshuka. Hatari kubwa iko katika umeme unaopanda ghafla, hasa urudipo baada ya kukatika, na katika radi za masika. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuichomeka. Radi zikianza, chomoa na utumie betri. Huo ndio wakati utakaofurahia kuwa na betri yenye afya.

Wanaotumia sola wachaji kompyuta mchana, paneli inapozalisha, badala ya kungoja usiku na kuikausha betri kubwa ya nyumbani. Inveta nayo hula sehemu ya umeme inapoubadilisha. Inveta za bei nafuu ambazo mawimbi yake si laini huweza kuipasha chaja joto. Ukiona chaja inachoma mkono au inaunguruma, acha kuitumia kwenye inveta hiyo. Wenye kompyuta zinazochajiwa kwa tundu la USB-C wahakikishe kwamba wati za chaja hazipungui zile zinazotakiwa na kompyuta.

Pima kabla ya kununua

Usikisie afya ya betri yako. Katika Windows, fungua dirisha la amri linaloitwa "Command Prompt", uandike powercfg /batteryreport, kisha ubonyeze kitufe cha "Enter". Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ndani yake utaona uwezo wa awali, ulioandikwa "Design capacity", na uwezo uliobaki, ulioandikwa "Full charge capacity". Gawanya wa pili kwa wa kwanza, uzidishe kwa 100. Ukipata zaidi ya 70, huenda mipangilio ikatosha. Ukipata chini ya 50, umefika wakati wa kufikiria betri mpya.

Kipimo hiki kina manufaa makubwa zaidi kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mwombe muuzaji akuonyeshe ripoti hiyo kabla hujalipa. Betri iliyochoka ni sababu halali ya kupunguziwa bei.

Ukinunua betri, zingatia mambo manne: namba ya betri ilingane na ya zamani, volti zilingane, wati-saa zisiwe nyingi kupita ukubwa wa betri, kwani bidhaa bandia hupenda kujisifu, na tarehe ya kutengenezwa isiwe ya miaka mingi iliyopita, maana betri huzeeka hata ikiwa dukani. Dai risiti, na uandikiwe muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora au asili ya bidhaa. Mlaji aliyeuziwa betri bandia anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume hiyo, na risiti ndiyo silaha yake. Malalamiko kuhusu huduma ya umeme huanzia kwa mtoa huduma, yaani TANESCO. Usiporidhika, unaweza kuyafikisha EWURA.

Dalili za hatari

Acha kuitumia kompyuta mara moja ukiona kibodi au sehemu ya kuongozea mshale imeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au ukisikia harufu kali ya kemikali. Betri imevimba. Izime, chomoa chaja, na uipeleke kwa fundi mwenye uzoefu. Usiitoboe, usiibonyeze, usiendelee kuichaji ili kuona itakuwaje. Betri ya aina hii ikitobolewa inaweza kuwaka moto na kutoa moshi wenye sumu. Betri iliyokufa isitupwe jalalani, isichomwe moto wala isitupwe ziwani. Irudishwe kwa fundi au muuzaji anayekusanya taka za kielektroniki.

Kwa ufupi

Punguza mwangaza, fupisha muda wa kioo, funga usivyotumia, na uiagize kompyuta ihifadhi kazi kabla haijazima. Iepushe na joto, iwekee kikomo cha asilimia 80 kwa siku za kawaida, na uijaze hadi 100 kwa siku zenye jambo. Pima kabla ya kununua, na usinunue bila risiti. Marekebisho yote ya mipangilio hayachukui zaidi ya dakika 20. Tunakushauri uyafanye leo, umeme ukiwa bado upo.